Fukusi wa Depo ya Baba

Beni, Jumamosi tarehe 3 Juni

Leo asubuhi Baba amemwaga gunia zima la maharagwe juu ya turubai, mbele ya depo, ili wapita njia waone. Kila punje ilikuwa na tundu la mviringo, na fukusi walitambaa kati ya punje hizo, weupe kwa dawa, wazima kabisa. Baba alichota kiganja kimoja, akakiinua, akasema kwa sauti iliyofika upande wa pili wa barabara:

"Munaona? Hii njo dawa ya Lusenge. Bidudu binajipaka yayo kama poda ya batoto."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nimerudi kutoka Butembo wiki mbili zilizopita na shahada yangu ya biolojia, na Baba amenikabidhi depo hii ya Beni hadi hapo serikali itakaponikumbuka. Nilipowaona wale wadudu wakitembea na sumu mgongoni, nilijua kwamba ninatazama kwa macho yangu jambo ambalo darasani nililisoma kwa mifano ya nchi za mbali. Nimeamua kuandika kila kitu kuanzia leo, siku kwa siku, kwa kuwa kumbukumbu ya mtu anayependa kubishana humpendelea mwenyewe.

Jumapili tarehe 4 Juni

Nimevuka barabara kwenda kwa Lusenge. Anauza dawa za kilimo, ni shemasi kanisani kwake, na amekuwa rafiki wa Baba kwa miaka ishirini, tangu wote wawili walipokuwa wakishusha mizigo ya watu wengine, Baba akiwa bado hajarithi depo. Aliacha shule katika mwaka wa tatu wa sekondari, na sitaficha kwamba jambo hilo nimelihesabu dhidi yake siku zote.

Alinionyesha makopo yake, yamefungwa na kiwanda, tarehe zake hazijapita. "Kasimu, minauzisha batu bote dawa moja," akasema. "Baba yako njo peke yake anasema haiue."

Nikamwambia kwamba huenda tatizo si dawa, bali ni wadudu wenyewe: wamegeuka. Akaniangalia kwa huruma.

"Ile maneno ya nyani? Hapana, mwana. Kidudu ni kidudu, vile Mungu alikiumba."

Niliondoka nikijiambia kwamba mtu huyu hastahili kutetewa. Nilipofika mlangoni kwetu nilikuwa nimekwisha kubadili neno: ukweli hautetewi kwa sababu mwenye kufaidika nao anastahili.

Jumanne tarehe 6 Juni

Kamati ya wafanyabiashara imekaa. Mwenyekiti wake, Mama Orpa, muuza mawese ambaye hakuna mwanamume anayethubutu kumkatiza, aliwasikiliza Baba, ambaye soko zima humwita Papa Hassan, na Lusenge kwa zamu. Uamuzi: Lusenge ana muda hadi Alhamisi tarehe 27 Julai kuonyesha kwamba hakuuza dawa ya bandia. Akishindwa, kibanda chake kitafungwa na nafasi itapewa mwingine. Mwingine huyo ana jina tayari: Gamaliel, muuza dawa wa upande wa stendi, aliyekuwa ameketi nyuma na kusikiliza kwa makini mno.

Alhamisi tarehe 8 Juni

Nimebishana na Baba wakati wa chakula. Nilimweleza kwamba dawa ni nzuri na kwamba fukusi wake wamekuwa sugu. Akakubali upesi, jambo lililonishtua, kisha nikaona kwamba amekubali kitu kingine.

"Eh, bamezoea, juu dawa ya Lusenge haina nguvu. Kama mulevi na kasiksi."

Hapo ndipo watu wote wanapoteleza, hata wenye vyeti. Hakuna fukusi hata mmoja aliyezoea. Fukusi mpevu huishi majuma machache tu; sumu ikiweza kumuua, humuua siku hiyo hiyo, wala hapati nafasi ya kuzoea. Lakini fukusi hawafanani. Katika elfu moja walioingia depo miaka tisa iliyopita, Baba alipoanza kutumia dawa hii, walikuwapo wawili au watatu ambao kwa kuzaliwa kwao tu mwili uliweza kuivunja sumu. Hawakuwa hodari zaidi wala wenye akili zaidi. Dawa iliwaua wenzao, ikawaachia wao chakula chote na wachumba wote. Wakazaa, na watoto wakafanana na wazazi. Kwenye joto la Beni kizazi kimoja ni kama siku thelathini na tano. Miaka tisa ni vizazi karibu tisini. Kwa binadamu, vizazi tisini ni zaidi ya miaka elfu mbili. Baba hakuwafundisha fukusi kitu. Aliwachagua bila kujua, kama mkulima anavyochagua mbegu.

Baba alitafuna hadi mwisho, akanawa mikono. "Onyesha," akasema.

Nitaonyesha. Nimemwagiza kaka yangu Ibrahim, anayeendesha lori letu, aniletee fukusi wa Luofu, kusini tunakonunua maharagwe, kwa Mama Kahindo, ambaye huhifadhi maharagwe yake kwa majivu na hajawahi kununua kopo la dawa maishani mwake.

Jumatano tarehe 14 Juni

Ibrahim amefika na chupa ya fukusi. Nimewaweka ishirini katika maharagwe yaliyopakwa dawa kutoka kopo lile lile ambalo Baba huliita la bandia. Na ishirini wa depo katika chupa ya pili, dawa ile ile, kipimo kile kile. Kufikia alasiri wa Luofu wote wamekufa. Wa depo wanatembea.

Sikuweza kujizuia. Nilivuka barabara na chupa mbili mikononi nikamtangazia Lusenge, wateja wake na kila aliyekuwa na masikio. Lusenge alinishika mikono yote miwili. "Wasingya, wasingya," alikuwa akirudia kunishukuru, na macho yake yalilowa. Nimejiona mtu mkubwa.

Alhamisi tarehe 15 Juni

Siku mbaya. Prof Léon, mwalimu wa kemia aliyetumwa huku na serikali kutoka Bandundu, na ambaye ndiye mtu pekee mtaani ninayeweza kubishana naye hadi mwisho, alizitazama chupa zangu, akaniita kwa shahada yangu, akauliza jambo moja tu:

"Licencié, et le témoin? Chupa yenye hapana dawa iko wapi?"

Nilienda kwenye chupa aliyoleta Ibrahim, ambamo nilikuwa nimebakiza fukusi wa Luofu wasioguswa na chochote. Wote walikuwa wamekufa. Chupa ilisafiri karibu na injini, imefungwa kwa kifuniko cha plastiki kisicho na tundu. Walikuja kwangu wakiwa mahututi. Labda dawa haikuwaua hata mmoja.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asingesahau chupa hiyo isiyo na dawa. Mimi niliisahau kwa sababu nilikuwa na hakika.

Nilivuka barabara tena. Nilimwambia Lusenge, mbele ya wateja wale wale, kwamba jana sikuonyesha kitu. Nilitarajia hasira. Akanivutia kiti.

"Kama ungenyamaza, nani angejua?" akauliza.

"Prof Léon."

"Na yeye kama angenyamaza?"

Akanimiminia chai. Nimefikiri juu ya mtu huyu njia nzima ya kurudi, ambayo ni hatua thelathini.

Ijumaa tarehe 16 Juni

Nimeanza upya. Nimewatoa fukusi hamsini wa depo, nimewaweka katika maharagwe mapya yasiyojua dawa. Watataga, watakufa, na watoto wao watakua ndani ya punje safi. Watoto hao hawatakuwa wamegusa sumu hata siku moja. Wakistahimili, neno "kuzoea" limekwisha.

Jumatano tarehe 21 Juni

Ibrahim ameleta fukusi wengine, safari hii ndani ya kikapu chenye maharagwe, kimefunikwa kitambaa, kimefungwa nyuma ya kiti chake. Wazima. Nao nimewapa chupa ya kuzalia. Ibrahim anasema polisi wa kizuizi walimuuliza anabeba nini. "Nikabaambia: banafunzi ya ndugu yangu." Walimwachia apite.

Jumamosi tarehe 24 Juni

Jua, vumbi, hakuna wateja. Nimeokota popo aliyekufa chini ya bati, nikamkunjulia Prof Léon bawa juu ya meza: bega, kiwiko, kifundo, kidole gumba kifupi chenye ukucha, kisha vidole vinne virefu vilivyoshikilia ngozi kama vijiti vya mwavuli. Nikaweka mkono wangu kando yake. Mifupa ile ile, kwa mpangilio ule ule. Mhandisi anayetengeneza bawa kutoka mwanzo hana haja ya vidole vitano. Anayerithi mkono hutengeneza bawa kwa alichokikuta. Prof Léon alisema hoja ni nzuri, na kwamba niutoe mzoga mezani maana mke wake Antoinette anakuja na wali.

Jumatano tarehe 28 Juni

Idi. Kila mwaka Baba hutuma sahani ya nyama kwa Lusenge. Mwaka huu haikwenda. Kila mtu aliona.

Jumatatu tarehe 3 Julai

Hakuna kitu.

Alhamisi tarehe 6 Julai

Hakuna kitu. Ninazitazama chupa kama kuku anayelalia mayai. Kibanda cha Lusenge kimekuwa kitupu. Wanunuzi wake wanapita, wanaamkia, wanaendelea hadi kwa Gamaliel.

Ijumaa tarehe 7 Julai

Leo nimepata kile ambacho sikukitafuta, na nitakiandika polepole.

Swali lililokuwa likinisumbua ni hili: kwa nini depo yetu tu? Wafanyabiashara wote wa mtaa hununua maharagwe ya Kayna na Luofu, na wengi hupaka dawa ya Lusenge. Fukusi sugu wangetakiwa kuwa kila mahali, au wasiwe popote.

Baada ya swala nilikuwa nikimsaidia shangazi Sikitu, dada mkubwa wa Baba, kufagia depo kabla ya mavuno mapya. Tulipofika kona ya nyuma nilishika gunia la mwisho nilitoe nje. Akanipiga mkono.

"Hapana gusa ile. Ni ya marehemu baba yetu."

Nikamwambia gunia hilo ni la mwaka jana. Akacheka ujinga wangu. Gunia lenyewe hubadilika, akaeleza, lakini desturi haibadiliki. Katika mwaka wa njaa, kabla Baba hajaoa, depo zote zilikuwa tupu isipokuwa ya Babu, aliyekuwa amebakiza gunia moja. Majirani waliligawana kwa vikombe na hakuna mtoto aliyekufa mtaani. Tangu hapo Babu aliapa kwamba depo yake haitaachwa tupu. Kila msimu gunia la mwisho hubaki kona, hupakwa dawa vizuri kuliko mengine yote kwa heshima yake, na huondolewa tu wakati magunia mapya yamekwisha kupangwa kuzunguka.

Nikakaa chini juu ya sakafu. Majirani huuza hadi punje ya mwisho, hufagia, na kila mavuno huanza na fukusi wageni wa kusini, dhaifu mbele ya dawa. Sisi hatuanzi upya. Wale waliopona dawa ya msimu uliopita hutungojea katika gunia la Babu, hupewa kipimo kingine ili wabaki wagumu kuliko wote, kisha tunawaletea chakula kipya hadi mlangoni. Miaka tisa bila kukatika. Kama ningepewa kazi ya kufuga fukusi sugu katika maabara, nisingeweza kubuni njia iliyo bora zaidi.

"Umegonjwa?" shangazi akauliza.

Nikasema ni vumbi.

Jumanne tarehe 11 Julai

Nimemweleza Prof Léon. Nilimwambia kwamba chupa zinatosha: zikionyesha kuwa dawa inaua fukusi wa Luofu, Lusenge ameokoka, na hakuna haja ya kulitaja gunia la marehemu mbele ya soko zima.

"Na bakiuliza juu ya nini kwa Hassan tu?"

"Nitasema sijui."

"Donc utasema bongo, pour la science," akajibu, akarudi kwenye madaftari yake ya kusahihisha. Sikupenda kuitwa mwongo, na tumeachana vibaya.

Jumatano tarehe 19 Julai

Ngozi ya baadhi ya punje imeanza kuonyesha duara nyeusi, dirisha dogo ambalo buu wa fukusi huliandaa kabla ya kutoka.

Ijumaa tarehe 21 Julai

Wametoka. Watoto wa depo, ambao hawajawahi kuona dawa, wanazungukazunguka ndani ya chupa kama watu waliofika mjini leo. Wa Luofu nao wameanza.

Jumatano tarehe 26 Julai

Nimejaribu kabla ya kesho, peke yangu, nikiwa na chupa zote nne. Matokeo ni safi. Sikumwambia mtu. Zamani ningekuwa nimekwisha kuvuka barabara.

Alhamisi tarehe 27 Julai

Asubuhi na mapema, mbele ya Mama Orpa, niliweka chupa nne mezani. Mbili zilikuwa na fukusi wa Luofu, mbili na watoto wa fukusi wa depo, ishirini kila moja. Katika kila jozi, chupa moja ilipata dawa na ya pili haikupata. Mama Orpa mwenyewe alichota dawa kutoka kopo la Baba. Kamati ilirudi alasiri.

Bila dawa, karibu wote walikuwa wazima, wa Luofu na wa depo sawasawa. Wa Luofu wenye dawa: wamekufa wote ishirini. Wa depo wenye dawa: kumi na saba wanatembea. Nilieleza kwamba hao hawajazoea kitu, maana hawajawahi kuonja; wamezaliwa hivyo, kwa kuwa wazazi wao ndio waliobaki. Mama Orpa aliinua chupa kwenye mwanga, akaitikisa.

"Dawa inaua," akasema. "Nimeona."

Ndipo Gamaliel akasimama. Aliongea kwa upole. Kopo hili ni zima, akasema, sawa. Lakini nani anajua makopo ya miaka iliyopita? Pengine Lusenge alimuuzia Hassan unga wa bandia mwaka baada ya mwaka, wadudu wakakua na nguvu ndani yake. Kama sivyo, kwa nini ni kwa Hassan tu?

Watu walinong'ona. Nilimwona Lusenge akitazama mikono yake. Baba alikuwa safu ya mbele, kanzu nyeupe, akinitazama mimi. Nilikuwa nimeandaa neno moja, "sijui", na lilikuwa tayari kinywani.

Nikasema: "Ni kwa sababu ya gunia la kona."

Nilieleza yote, kwa sauti ya kawaida, bila kumtazama mtu. Nilipomaliza, Baba akasimama.

"Unasema baba yangu alikuwa anafuga bidudu?"

Nimebishana na watu wengi maishani, na mara nyingi nimefurahia zaidi kishindo cha jibu kuliko jibu lenyewe. Hili nililijibu bila kufurahia chochote.

"Hapana, Baba. Wakati wa Babu hakukuwa na dawa hii. Gunia lake liliponya watu, na fukusi wake walikuwa fukusi wa kawaida. Desturi ilifaa mahali pake. Sisi ndio tulioleta dawa, mahali pakageuka, na gunia likabaki vilevile."

Baba akavaa kofia yake akatoka. Mama Orpa aliuliza kama kuna mwingine mwenye neno. Gamaliel aliketi. Kibanda cha Lusenge kitabaki.

Jumamosi tarehe 29 Julai

Siku mbili Baba hajanena nami. Leo alfajiri nimemkuta ndani ya depo, peke yake, akiliburuta gunia. Nilitaka kumsaidia, akanizuia kwa kiwiko. Aliliteketeza uani pamoja na mafagio na magunia matupu, akasoma dua, shangazi Sikitu akiwa kando yake analia bila sauti. Baadaye shangazi alimwaga maji ya moto katika kila ufa wa sakafu. Depo ni tupu. Hatua zangu zinasikika ndani yake.

Jumapili tarehe 30 Julai

Baada ya ibada Lusenge alipita. Hakuja kushukuru, alikuja kubishana, na nimempenda kwa hilo. Anasema hakubali habari ya nyani, na hataikubali. Lakini juu ya fukusi ameona kwa macho.

"Nilikuwa nasema Mungu aliumba, kisha akapumuzika," akasema. "Pengine hajapumuzika bado."

Nilikuwa na mambo sita ya kujibu. Nimejibu mawili.

Jumatano tarehe 2 Agosti

Nimeenda kwa Prof Léon na wali. Tumepatana.

Jumamosi tarehe 5 Agosti

Lori la kwanza la Kayna limefika. Baba alikagua magunia, akauliza, akimtazama Ibrahim, yatapakwa dawa gani. Ibrahim akasema amuulize licencié. Baba akanigeukia. Nilimwambia: si ile, na itakayofuata tusiitumie miaka tisa, na kila msimu depo ifagiwe hadi mwisho kabla ya gunia jipya kuingia. Akatikisa kichwa kukubali. Hayo ndiyo maneno yetu ya kwanza tangu kamati.

Kisha, saa nne, saa ambayo soko limejaa hata pikipiki haziwezi kupita, alivuka barabara akiwa amevaa kanzu ile nyeupe. Nilimfuata hadi ukingo wa mtaro. Alisimama mbele ya kibanda. Lusenge alikuwa akimhudumia mteja na hakuinua kichwa.

"Lusenge. Nilisema bongo juu yako," Baba akasema, kwa sauti kubwa.

Lusenge alimaliza kufunga kopo la mteja, akalipangusa, akampa. Ndipo akasogeza benchi lake nje, hadi mahali ambapo jua na macho ya watu wote yanafika.

"Kaa hapa, Papa Hassan," akasema. "Kaa mpaka saa sita, batu bakuone muzuri."

Baba alikaa mpaka saa saba.